Minazi ya Kwao Baba

Juzi jirani yangu hapa Mabawa alikuwa akizima chokaa uani kwake. Siku hizi ni wachache wanaojisumbua na chokaa. Watu hununua rangi ya ndoo, wakapaka, wakaoga, yakaisha. Lakini huyu bwana ana uzio wa zamani na hapendi makuu, akaleta mawe ya chokaa kutoka Pongwe na kuyamwagia maji ndani ya nusu pipa. Mimi nilikuwa nimekaa na ungo, nachagua mchele. Harufu ile ilipovuka ukuta, harufu ya jiwe la moto lililonyeshewa mvua, yenye ukali kidogo unaokwaruza koo, niliweka ungo chini. Binti yangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimemkumbuka bibi yake tu. Nililia kidogo, nikajifuta, nikamaliza mchele wangu.

Sisi tuliokulia kwenye nyumba za udongo tunajua kwamba ukuta ni kitu cha kulea. Masika hupiga, udongo ukalainika, ukamegeka, na mvua zikikatika mama mwenye nyumba huingia kazini kukandika upya. Kwetu Pongwe kazi ile ilikuwa na mkia. Mama akishakandika na kupaka chokaa ukuta wa mbele, ule unaotazamana na kigoda cha baba, alichora milima.

Baba alikuwa mtu wa milimani, Ushambaa, kijiji kimoja juu ya Lushoto. Aliteremka akiwa kijana kuja kukata mkonge, miiba ikamchosha, akahamia kwenye matanuri ya kuchoma chokaa. Kila jioni alirudi akiwa mweupe tangu nywele mpaka vidole vya miguu, macho tu ndiyo yanaonekana. Nilipokuwa mdogo kabisa nilidhani watu wa milimani ndivyo walivyoumbwa, weupe mpaka kope, na kwamba maji ambayo mama humwekea bafuni ndiyo yanayomgeuza kuwa mtu wa pwani kama sisi. Siku nyingine nilichungulia ndoo, nikaona maji meupe, nikasema moyoni, leo tena weupe umemtoka.

Mama alikuwa mtoto wa Tongoni, binti wa mvuvi. Mahali pa juu zaidi alipowahi kupanda katika maisha yake ni paa la nyumba yetu, kubadilisha makuti. Walivyokutana ni hadithi yao, mimi najua tu kwamba baba alisilimu ili amwoe, akaitwa Ramadhani, na babu yangu wa milimani, aliyekuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, akamtumia salamu moja: aliyeipenda pwani abaki pwani. Haya hakunisimulia baba. Alinisimulia jirani yetu Bi Mishi, ambaye hakuwa na mahali pa kufichia jambo.

Hakuna aliyemfundisha mama kuchora. Alisoma chuoni Kurani yake, akasoma shule kidogo, akaolewa. Alivyoanza alinieleza mwenyewe. Baba aliugua homa, na katika homa akawa anazungumza na watu wa kwao. Alipopona akawa mkimya. Akirudi kazini anaoga, anakaa kwenye kigoda, macho kwenye ukuta.

"Basi nilimwonea huruma," mama alisema. "Mtu mzima anatazama ukuta mtupu mpaka magharibi. Nikasema, kama ni kutazama, na atazame kitu."

Vyombo vyake vilikuwa vya jikoni. Chokaa baba alileta mwenyewe kutoka tanurini, ikazimwa uani huku sisi watoto tukifukuzwa mbali isiturukie machoni, ikatiwa chumvi ili ishike. Buluu ni ile ya kufulia nguo nyeupe. Wekundu ni udongo wa nyuma ya nyumba, weusi ni mkaa uliosagwa. Brashi ilikuwa kipande cha kumbi la nazi kilichopondwa ncha mpaka kikawa nyuzi, na kwa mistari myembamba unyoya wa kuku. Kijani alikipata kwa kutwanga majani ya kunde, na hicho ndicho kilichokuwa kikimtesa, kwa sababu chokaa ilikila. Wiki haiishi, milima imegeuka rangi ya nyasi kavu. Nami nikiiona hivyo nilijua kwao baba kumeingia kiangazi, nikaona uchungu kwa ajili ya ng'ombe wa babu. Mama akipaka tena nilijua mvua imenyesha huko.

Lakini kwanza alitaka kuelezwa. Kila mwaka alimwuliza upya, kana kwamba hakuwahi kuuliza. Alisimama na kumbi lake mkononi, kanga kaifunga kiunoni, baba yuko kwenye kigoda na kahawa yake, mimi nimekaa mkekani miguuni pake.

"Haya, Baba Mwanaidi, nieleze. Mlima wa kwanza wakaaje?"

"Una mgongo mpana. Kama ng'ombe aliyelala."

"Nyuma yake?"

"Nyuma yake upo mwingine, na nyuma ya huo mwingine. Haiishi, mama. Ukidhani imekwisha unaona mwingine, wa buluu."

"Na bondeni mna nini?"

"Asubuhi huoni kitu. Ukitoka nje bonde lote limejaa, kweupe, vilele vimetokeza kama visiwa."

Mama alivijua visiwa. Kwao Tongoni ukisimama ufukoni unaviona. Akachora milima kama alivyoambiwa, na mabondeni akatia bahari, na baharini akatia ngalawa moja, maana bahari isiyo na chombo, alisema, ni bahari isiyo na mwenyewe. Na juu ya vilele akapanda minazi. Kisiwa kisicho na mnazi hakina mtu, na yeye hakutaka kumchorea mumewe kwao kusikokuwa na watu. Minazi hakuichora kwa brashi. Alichovya kidole chake cha shahada kwenye mkaa na majani ya kunde, akavuta kuti mojamoja kwa kidole, haraka haraka, na kila kuti likaacha alama ya ngozi yake.

Akimaliza alirudi nyuma mpaka usawa wa kigoda, akauliza, "Nimepatia?"

Mwaka wa kwanza, alivyonisimulia, baba alicheka mpaka akakohoa, halafu akajifuta macho. Kisha akasema, "Umepatia." Na kila mwaka baada ya hapo alitazama kwa muda, kama mtu anayekagua shamba lake, akajibu neno hilohilo. Mama aliingia ndani kupika huku akiimba. Sijaona mtu aliyelipwa kwa neno moja akaridhika vile.

Picha ile ilimtoa mama. Mwenye hoteli ya chai karibu na matanuri alimwita amchoree ukuta, halafu mwenye duka pale barabarani, halafu nyumba mbili tatu za watu waliokuwa na harusi. Kila mahali alichora milima ileile, bahari ileile, minazi ileile juu. Mtu mmoja alimtaka amchoree simba. Mama akamjibu kwamba yeye simba hamjui, anajua kwao mumewe tu. Bi Mishi alikuwa akimtania akipita na ndoo ya maji.

"Wewe hukuolewa na mtu, umeolewa na mlima."

"Mlima hauna mawifi," mama alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Mama hakuwahi kupaona Ushambaa. Hilo nililijua na sikulielewa, kwa sababu mtoto hudhani mama yake anajua kila anachokifanya. Lakini nakumbuka siku moja akiosha kumbi lake alisema, si kwangu hasa, "Natamani siku moja nipaone mwenyewe. Nijue kama kweli nimepatia." Baba alikuwa akifunga kamba za viatu, akakawia sana kuzifunga. Alisema, "Masika yakiisha, inshallah." Nilikuja kugundua kwamba masika ya baba hayakuwa na mwisho.

Mimi nilikuwa na hofu yangu. Niliamini kwamba mama anachora ili baba asiondoke. Kwamba akiamka siku moja akakuta ukuta mtupu, atavaa viatu aende kuitafuta milima ya kweli. Kwa hiyo masika yakianza nilikaa roho juu. Mvua ilipiga ukuta kutoka chini kwenda juu, kwanza ngalawa ikachirizika, bahari ikafuata, halafu milima ikashuka polepole kama uji. Minazi ilikuwa juu kabisa, chini ya makuti ya paa, mvua haikuifikia. Ikabaki peke yake imening'inia hewani, bila mlima chini yake, mpaka mama apate nafasi. Kila asubuhi nilipoamka nilitazama kwanza kigoda, ndipo nikatazama ukuta.

Halafu akaja baba mkubwa. Ni kaka yake baba wa kuzaliwa, nami nilikuwa simjui. Niliona mtu amesimama barabarani mbele ya nyumba, kavaa koti zito la sufu kwenye jua la Pongwe, ana kapu la mapeasi, na uso wake ni wa baba. Nikampa shikamoo, akaniitikia, akaniuliza mimi ni nani. Baba alipotoka nje hawakukumbatiana. Walishikana mikono tu, wakakaa wameshikana hivyo muda mrefu, kisha baba mkubwa akasema, "Mzee ametutoka. Mama anasema mje. Nyote."

Wakakaa kwenye benchi barazani, mama akaleta chai. Mimi nilikuwa chini mkekani, peasi mkononi, tamu yake siisikii kwa hofu. Baba mkubwa alivua koti, akainua macho, akauona ukuta.

"Hii nini?" akauliza.

"Kwenu, shemeji," mama akasema, kama mtoto anayemwonyesha mwalimu kazi. "Naichora kila mwaka. Mwenyewe ndiye ananieleza."

Baba mkubwa akaangalia tena. "Milima naiona. Lakini hii mi..."

Hakumaliza. Nilikuwa usawa wa miguu yao, niliona mguu wa baba ukiukanyaga mguu wa kaka yake kwa nguvu, na haukutoka. Juu huko nyuso zao zilikuwa shwari. Baba mkubwa akameza chai, akasema, "Mizuri. Mizuri sana, shemeji."

Nilidhani wanagombana. Nilidhani baba mkubwa amekuja kumchukua baba, na baba anakataa kwa mguu kwa sababu ya heshima. Na maneno yale, "hii mi," niliyatafsiri kwa akili yangu: huyu mzee amesahau kwao. Anakaa hukohuko na minazi yake haijui. Nikamdharau kidogo. Baba akamsindikiza kwenda kupanda basi, wakaenda wakizungumza Kishambaa, nami nikakaa mlangoni nikihesabu watu wote wanaorudi kutoka barabarani mpaka nilipomwona baba anarudi, yuko peke yake.

Hatukwenda. Masika yaliisha, yakaja mengine. Mara nauli, mara shule yangu, mara tanuri lina kazi nyingi. Halafu kifua cha baba kikaanza. Alikohoa kikohozi kikavu, akadhoofu, akaacha kazi, akawa anashinda kwenye kigoda anatazama ukuta. Mwaka ule mama alichora mapema, mvua haijakatika vizuri, udongo haujakauka, na bado alirudi nyuma akauliza. Baba alikuwa hana pumzi ya kusema. Akainua kidole gumba, akatabasamu. Tulimzika Pongwe, katika ardhi yetu nyekundu, mbali na milima ya kweli na karibu na ile ya ukutani.

Mama alipotoka eda alinifulia gauni, akafunga virago viwili. "Twaenda kwa baba yako," akasema.

Ndani ya basi alikaa dirishani. Kadiri tulivyoiacha Muheza minazi ilipungua, kisha ikaisha. Mama hakutaharuki. "Iko juu," akaniambia. Mombo tukaanza kupanda, barabara ikijikunja, mama kashikilia kiti cha mbele kwa mikono miwili, midomo inasoma. Ukungu na jioni vilitupokea, hatukuona kitu. Bibi, mama yake baba, alikuwa mdogo wa umbo, kajifunga shuka, Kiswahili chake kidogo. Aliushika mkono wa mama akakataa kuuachia, hata akiwa anataka kuchochea moto alichochea kwa mkono mmoja. Alikuwa amemtuma mtu kwa jirani Mwislamu, mtaa wa pili, aje amchinje kuku, ili mkwe wake ale bila wasiwasi. Mama alipoambiwa hilo aliinamisha uso kwenye kanga. Ndio mlango wenyewe huo, aliousubiri tangu alipoolewa, na baba, aliyestahili kumwingiza, hakuwepo.

Asubuhi niliamka simkuti kitandani. Nilimkuta nje, ukingoni mwa uwanja, kavaa koti la sufu la baba mkubwa juu ya buibui. Bonde lote lilikuwa limejaa ukungu mweupe, umetulia, na vilele vimetokeza kimoja kimoja. Ni kama baba alivyosema. Hata mgongo wa ng'ombe aliyelala niliuona.

"Kumbe ndiyo hii bahari yake," mama akasema taratibu.

Baba mkubwa alikuja na vikombe vya chai, akasimama nasi. Mama alitazama kilele baada ya kilele. Miti ilikuwepo, mirefu, myeusi, lakini si ile.

"Na minazi, shemeji?"

Baba mkubwa akatikisa kichwa. "Huku haioti. Baridi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Mama akashika kikombe kwa mikono miwili. Nilimwona anavyojikaza. Kwa sauti ndogo akasema, "Miaka yote hiyo nauliza nimepatia, naambiwa nimepatia. Kumbe alikuwa ananihurumia."

"Siyo hivyo," baba mkubwa akasema. "Siku ile nilitaka kukwambia, akanikanyaga mguu, nikaja kuvua kiatu ndani ya basi nikakuta kidole kimevimba. Njiani nilimwuliza, kwa nini unamwacha mkeo achore uongo? Akaniambia, kaka, kwetu nakujua, siwezi kukusahau. Ila pale penye minazi ndipo kwangu. Usije ukaning'olea."

Mama hakulia palepale. Alikunywa chai yote, akarudisha kikombe, akaomba apewe nafasi kidogo. Sauti yake niliisikia kutoka nyuma ya migomba, na bibi akaniziba masikio kwa viganja vyake vya moto, kana kwamba mimi ndiye ninayelia.

Masika yaliyofuata yalikuwa makubwa. Ukuta uliliwa vibaya, milima ikaisha yote, na minazi ikabaki chini ya paa kama kawaida yake, kila kuti na alama ya kidole. Mvua zilipokatika mama alikandika, akakoroga chokaa, akasimama mbele ya ukuta na kumbi limejaa weupe. Nikajua anafikiri nini, kwa sababu nami nilikuwa nafikiri hilohilo. Sasa alikuwa amepaona. Sasa angeweza kuchora kweli.

"Niifute, mama?" nikauliza. Nilikuwa tayari na kitambaa.

Alitazama juu kwa muda mrefu. Kisha akateremsha mkono.

"Lete buluu," akasema.

Akachora milima chini ya minazi ileile, akapandisha kila kilele mpaka kikakutana na shina lake. Safari hii hakumwuliza mtu ikoje. Alipomaliza alirudi nyuma mpaka usawa wa kigoda, pale kilipokuwa kimebaki kitupu, akafuta mikono kwenye kanga, akanigeukia mimi.

"Nimepatia?"

Nikatazama kama baba alivyokuwa akitazama. Nikamwambia amepatia.

Siku hizi hakuna hata mlima mmoja wa mama uliobaki. Ukuta wa hoteli ulivunjwa, wa duka ulipakwa rangi za kampuni ya simu, na wa kwetu ulianguka masika yaliyopita, mwaka mmoja baada ya mama mwenyewe kufariki. Nimekwenda Ushambaa mara nyingi, nimemzika bibi huko, nina shamba dogo la mapeasi. Nakujua vizuri sasa. Lakini kila nikishuka kwenye basi, kabla sijashusha mzigo, kabla sijampa mtu salamu, macho yangu hupanda vileleni yakatafuta minazi.